Mwaka Ambao Koo Halikusafishwa

Kijiji ninachokijua kuliko vyote duniani, ukitoa chetu, kiko Kroatia, na sijawahi kukanyaga huko. Nilikijua nikiwa kazini. Kati ya mwaka wa 2013 na 2016 nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa saba huko Bur Dubai, na kwenye ghorofa ya nne aliishi mzee mmoja aliyekuwa akiandika historia ya kijiji hicho. Hakuwa na mtu mwingine wa kumsomea.

Nilitoka Ukambani na cheti cha kidato cha nne na viatu vyeusi, kama tangazo la kazi lilivyotaka. Kampuni ya ulinzi ilitulaza Muhaisnah, wanane chumba kimoja, na kila alfajiri basi la kampuni lilitukusanya na kutugawa mjini, jengo moja mlinzi mmoja. Nilikaa nyuma ya meza ndefu ya marumaru kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Niliandika wageni kwenye daftari, nilitazama lifti ikipanda na kushuka, na niliwaambia watoto kwamba bwawa la kuogelea limefungwa. Lilikuwa limefungwa tangu kabla sijaajiriwa.

Mzee wa ghorofa ya nne alikuwa mhandisi wa mifereji ya maji ya mvua. Dubai mvua hunyesha siku chache kwa mwaka, na nilipomuuliza kama kazi hiyo haimchoshi, alisema ni kazi nzuri, malalamiko ni machache. Mke wake alikuwa ameshafariki, na watoto hawakujaliwa. Alivaa makubadhi na soksi. Nilimwita sir, kama tulivyofundishwa kuwaita wapangaji wote. Yeye aliniita kolega. Alinieleza kwamba kwao wahandisi huitana hivyo. Nilimwambia mimi si mhandisi. Akasema kwao hata wasio wahandisi huitana hivyo, kwa hiyo nisihangaike.

Tulianza kuzungumza kwa sababu ya ramani. Ijumaa moja alipokea mzigo, bomba refu la karatasi ngumu, na kwa kuwa meza yangu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote jengoni, akaifungulia ramani hapo hapo. Akaibana pembe moja kwa daftari langu la wageni, nyingine kwa simu ya mezani, na zile mbili zilizobaki akaniomba nizishike. Ilikuwa ramani ya zamani, milima imechorwa kwa mistari myembamba kama nywele. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kazini na macho hayakuwa na kazi, niliisoma.

"Sir," nilimwambia, "ramani yako ina kasoro."

"Wapi?"

"Hapa. Mto umeisha."

Alivaa miwani akainama. "Haina kasoro," alisema. "Mto unaishia hapo."

"Mto hauwezi kuishia shambani tu."

"Huu unaweza. Nilizaliwa karibu nao. Unafika hapo, unaingia ardhini, basi."

Nilifikiri kidogo. Kisha nikamweleza habari ya mto wetu, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya mchanga. Kiangazi kikikolea akina mama huchimba humo visima, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo mchotaji anavyozidi kuzama, mpaka unaona kichwa tu kikizungumza juu ya mchanga.

"Huwa mnachimba kwenda chini kiasi gani?" aliuliza.

Nilimwonyesha: kifuani mwezi wa saba, juu ya kichwa mwezi wa tisa. Akatoa kalamu akaandika hayo kwenye lile bomba. Nilikuwa nimekaa Dubai mwaka mzima, na mtu pekee aliyewahi kuandika jambo lililotoka kinywani mwangu alikuwa msimamizi wetu, na hayo yalikuwa makosa yangu.

Kitabu chenyewe hakikuwa wazo lake. Padri wa kijijini kwao alitaka kijitabu cha kugawa siku ya sikukuu ya kanisa. Alimwomba mwalimu mstaafu, mwalimu akafa. Alimwomba karani mmoja wa mjini, karani akasema hana nafasi. Wa tatu alikuwa mhandisi aliyeko Dubai, ambaye alipigiwa simu akiwa ndani ya gari na hakupata kisingizio kwa haraka.

Tangu siku ile, kila Ijumaa asubuhi, jengo likiwa limelala, alishuka na kurasa zake na kahawa kwenye kibirika kidogo chenye mkono mrefu. Alisoma kwa Kikroatia kimyakimya, kisha akanieleza kwa Kiingereza. Mtu akija tulinyamaza, nikamfungulia mlango, tukaendelea.

Sura ya kwanza ilikuwa jiografia. Kijiji kiko nyuma ya mlima. Upande wa pili wa mlima kuna bahari, watalii na mahoteli. Upande huu kuna mawe. Bibi yake, katika maisha yake yote, aliiona bahari mara mbili, na ile mara ya pili alisema haijabadilika. Ardhi ni jiwe jeupe la chokaa lenye matundu kama mkate, na mvua ikinyesha, nayo hunyesha sana, maji yote hupotelea chini. Ni mahali penye mvua nyingi na kiu nyingi. Alitaka kunifafanulia jambo hilo kwa mchoro lakini nilimwambia asihangaike, nimeshaelewa.

Watu wa huko waliokota mawe ili wapate udongo wa kulima. Kwa mawe hayo wakajenga kuta, na walipokwisha kujenga kuta zote walizozihitaji wakaendelea kujenga, kwa sababu mawe hayakuisha. Majira ya baridi upepo hushuka kutoka mlimani kwa nguvu ya kumwangusha punda. Uliwahi kumwangusha padri pia, ila hilo hakuliandika.

Kijiji kina mitaa miwili, wa juu na wa chini. Kila mtaa ni ukoo mmoja, na kila mtu wa mtaa ana jina lile lile la ukoo, hata mtu wa posta akalazimika kutumia majina ya utani, mengine yasiyofaa kuandikwa kwenye bahasha. Wa juu wana kanisa na birika kubwa la mawe la kukingia mvua. Wa chini wako karibu na bonde, ambalo ndilo shamba la pekee la maana. Majira ya baridi mto hufurika na bonde hugeuka ziwa. Baridi ikiisha, maji yote huondoka kwa kupitia shimo moja lililo ubavuni mwa mlima, pale mto unapoishia kwenye ramani, na watu hupanda viazi na mahindi pale pale walipokuwa wakipita kwa mashua. Shimo hilo lina jina kwa Kikroatia, na nilijaribu kulitamka kwa majuma mawili. Mwishowe nikaliita koo.

Historia ilikuwa ndefu zaidi lakini haikuwa na mambo mengi. Juu ya kilima kuna ukuta wa kale ambao wanakijiji husema ulijengwa na Waturuki. Mhandisi alinieleza kwamba kwao kitu chochote cha zamani kisichojulikana kilijengwa na nani, kilijengwa na Waturuki, pamoja na kisima kimoja ambacho aliyekichimba ni babu yake. Tawala zilikuja na zikaenda. Kila moja iliwahesabu watu, kila moja ikachora ramani, na zote zilikubaliana kuhusu mto. Watu walihamia Amerika, kisha Australia, kisha Ujerumani. Vita vya mwisho, vya miaka ya tisini, alivipa nusu ukurasa. Nilimuuliza mbona ameviandika kwa ufupi hivyo.

"Walio hai wanavikumbuka," alisema. "Na nyumba zenye mapaa mapya unaziona toka barabarani."

Alikunywa kahawa iliyobaki ingawa ilikuwa imepoa, na Ijumaa hiyo hakusoma tena.

Jioni nilirudi Muhaisnah na yote niliyoyasikia. Kitanda cha chini yangu kililaliwa na jamaa wa Tanga ambaye kazi yake ilikuwa kuosha vioo vya majengo marefu, akining'inia kwa kamba. Kutwa nzima aliwaona watu wakizungumza nyuma ya vioo na hakusikia wanachosema, kwa hiyo jioni alikuwa na njaa ya habari. Nilimweleza kuhusu kijiji mara moja tu, kwa kupitisha muda, na kesho yake akaniuliza kimefikia wapi.

"Hao wa mtaa wa chini," aliniambia, "wanaringia nini?"

"Bonde liko mlangoni kwao."

"Na wa juu?"

"Kanisa na birika."

Alifikiri. "Basi mimi ni wa juu. Nimechoka kulala chini."

Kuanzia hapo, kila habari niliyoleta aliipima kwa maslahi ya mtaa wa juu. Wenzetu wengine chumbani walilalamika mwanzoni. Baadaye Mganda mmoja, mtu mpole aliyefanya kazi ya usafi, alijitangaza kuwa wa chini ili pawe na haki.

Msimamizi wetu alitukamata mara moja. Alifika bila taarifa akakuta ramani imefunika meza yote na mimi nimeshika pembe mbili. Nilipewa barua ya onyo iliyosema kwamba nimefunika daftari la wageni kwa karatasi zisizohusiana na ulinzi. Mhandisi alimpigia simu meneja wa jengo kunitetea, akaeleza kwa kirefu sana, na baada ya hapo niliruhusiwa kusikiliza ilimradi nimesimama. Kwa hiyo sura ya tatu mpaka ya tano nilizisikia nikiwa wima.

Sura ya sita ilimshinda. Wiki nne mfululizo alishuka na kahawa bila karatasi. Wiki ya tano nilimuuliza kama kitabu kimeisha.

"Kimekwama," alisema. "Kwenye koo."

Akanieleza. Kila mwaka baridi ilipokaribia kwisha, kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kwenda kusafisha lile koo. Mafuriko huleta matawi, tope, kuta zilizobomoka, hata kondoo waliozama, na vitu hivyo hujazana mdomoni mwa shimo. Ilikuwa kazi ya siku mbili, mtaa wa juu na wa chini pamoja. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walifanya tu, kama mtu anavyofunga mlango usiku.

Mwaka mmoja, enzi za babu yake, mitaa miwili ilikosana. Waligombania benchi la mbele kanisani. Wa chini wakasema hawatakwenda kusafisha koo mpaka benchi lao lirudishwe, na aliyelisema hilo kwa sauti, mbele ya kanisa, alikuwa babu yake mhandisi. Wa juu wakasema vyema, bonde liko mlangoni kwenu, maji yatawaudhi ninyi kwanza. Kila upande ukakaa ukiungoja mwenzake. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kisha tope likagandamana, na hata waliokwenda baadaye na makoleo hawakufaulu. Maji yalikaa bondeni mpaka mwezi wa saba. Hakuna aliyepanda chochote. Vuli ya mwaka huo ndipo watu walipoanza kuondoka kwenda Amerika, ndugu wawili wa babu yake wakiwamo, na wengi wao hawakuonekana tena.

"Na kijijini wanasemaje?" niliuliza.

"Wanasema mwaka ule mvua ilizidi. Padri wa wakati ule aliandika hivyo kwenye daftari la kanisa. Nilisomeshwa hivyo. Dada yangu anasema hivyo mpaka leo."

"Na haikuzidi?"

"Kolega," alisema, "mimi ni mhandisi wa mvua."

Alikuwa ameomba nakala za vipimo vya mvua vya mji ulio jirani. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kawaida. Habari ya benchi alikuwa ameambiwa na bibi yake aliyekuwa mgonjwa kitandani, siku ambayo hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Alidhani ni yeye peke yake aliyeambiwa.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2015 dada yake alikuja kumtembelea. Alikuwa mama mfupi wa miaka sabini hivi, amevaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, na alikuja na jibini, njugu za kwao zenye ganda gumu na sufu ya kufuma. Kiingereza alikijua kiasi, maana alifanya kazi miaka mingi katika jiko la hoteli pwani ya kwao. Dubai hakuipenda. Alichokichukia zaidi ni kwamba madirisha ya nyumba ya kaka yake hayafunguki. Siku ya pili akashuka, akakalia kiti cha wageni karibu na mlango, mahali ambapo angalau hewa iliingia kila mtu alipopita, na hapo akafanya makao kwa majuma mawili.

"Una mama?" aliniuliza, bado hajanisalimu.

"Ninaye, madam."

"Unampigia simu?"

"Kila Jumapili."

"Haitoshi," alisema, akaanza kufuma.

Ijumaa mhandisi alishuka kama kawaida, na safari hii alikuwa na karatasi. Alikuwa ameandika sura ya sita yote, na benchi, na babu. Alimsomea dada yake. Aliposoma kama dakika tano, yule mama aliweka ufumaji chini. Akasema neno moja. Kaka akajibu maneno mengi. Akasema tena lile neno moja, kwa sauti ya juu zaidi, na mtu aliyekuwa akingoja lifti akaamua kupanda ngazi.

"Anasema nini, sir?" niliuliza, kwa kuwa kulinda amani ya mahali pale ilikuwa kazi yangu.

"Anasema mvua," alisema mhandisi.

Waliendelea. Kwa kuwa mhandisi aliniona nimesimama pale kama shahidi, alianza kunitafsiria, na alikuwa mtu mkweli, hakuruka kitu. "Anasema babu alikuwa mtu mwema na alimbeba mabegani. Ni kweli, alimbeba. Anasema mimi niliondoka nikiwa na miaka kumi na minane na yeye ndiye aliyebaki kuishi na hao watu, na atakayeulizwa dukani ni yeye. Hilo nalo ni kweli. Sasa anasema mimi ni punda mwenye shahada."

"Si punda," alisema dada kwa Kiingereza, akinigeukia mimi. "Punda anajua kunyamaza." Kisha akaninyooshea sindano ya kufumia. "Wewe. Umesikia kitabu chote. Wewe si wa juu, si wa chini. Sema."

Nilisema mimi ni mlinzi tu. Hawakuondoa macho. Tulifundishwa kwamba mpangaji akikuuliza swali usilolijua umpeleke kwa meneja, lakini meneja siku ya Ijumaa hapatikani.

Basi niliwaeleza habari za silanga letu. Silanga ni bwawa la udongo la kukingia mvua, na la kwetu lilichimbwa kwa mikono na watu wa kijiji. Kila kiangazi walikutana kuondoa tope na kuimarisha ukingo kabla mvua haijaja. Baba yangu alikuwa amekosana na kiongozi wa kazi hiyo kuhusu mpaka wa shamba, na mwaka mmoja alikataa kwenda. Ndugu zake wakabaki naye. Waliokwenda hawakutosha, kazi haikuisha, mvua ikaja, ukingo ukabomoka, na maji yote yakaenda zake kwa asubuhi moja. Kiangazi kilichofuata ng'ombe walikufa kila boma, pamoja na wetu wawili. Kwetu husemwa kwamba fuko, wale wanyama wachimbao ardhini, walitoboa ukingo. Nilikuwa darasa la tano. Hakuna mtu aliyewahi kumtaja baba mbele yangu. Nilipofika dukani wazee walianza kuzungumza habari za fuko.

Mhandisi alimtafsiria dada yake yale ambayo hakuyashika. Ilichukua muda. Sikujua neno fuko kwa Kiingereza, kwa hiyo ilibidi nimchore mnyama nyuma ya fomu ya wageni.

"Ulitaka waandike?" yule mama aliniuliza.

"Hapana, madam. Nilitaka tu niache kusikia habari za fuko."

Aliivuta ile fomu akautazama mchoro wa fuko.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua kwamba unajua?"

"Anajua."

"Mmezungumza?"

"Bado, madam."

Alichukua ufumaji wake, akamwambia kaka yake jambo fupi ambalo hakulitafsiri, wakapanda lifti pamoja. Nilibaki nikiwaza kama nimeharibu. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari ile, hata jamaa wa Tanga, na sasa nilikuwa nimeimwaga mezani kwa watu wawili wa ghorofa ya nne. Nilijisikia mwepesi na mjinga kwa pamoja. Kisha mtu wa maji ya chupa akaja, nikamwandika.

Asubuhi ya Jumamosi walishuka wote wawili na karatasi moja. Sura ya sita ilikuwa imekatwa. Benchi halikuwepo, babu hakuwepo. Mvua nayo haikuwepo. Mahali pa vyote hivyo palibaki sentensi moja, ambayo mhandisi alinisomea: mwaka ule koo halikusafishwa, na maji yalikaa bondeni mpaka mwezi wa saba.

"Nani hakusafisha?" niliuliza.

"Haisemi," alijibu mhandisi.

"Kila mtu atajua," alisema dada. "Mimi nilijua. Bibi aliniambia."

Kaka yake aligeuka akamtazama. "Lini?"

"Kabla yako," alisema.

Mhandisi alikwenda kukaa kwenye kile kiti cha wageni. Alikuwa ameibeba siri hiyo miaka zaidi ya hamsini, katika nchi nne, na alihitaji dakika chache.

Muhaisnah sentensi ile haikupokewa vizuri. Jamaa wa Tanga alisema ni ya uongo kwa sababu haikuwataja wa chini, ambao ndio walioanza. Mganda akasema wa juu nao walikuwa na miguu. Walizozana mpaka mwenye kitanda cha mlangoni akasema khalas, yatosha, ana zamu ya alfajiri.

Dada aliporudi kwao aliniachia alichokuwa akikifuma: soksi za sufu, nene, za kijivu. Zilikuwa za miguu ya mtu mkubwa zaidi yangu. Nilizivaa. Watu hudhani mlinzi wa Dubai anateswa na joto, lakini ukumbi wetu ulikuwa na mashine ya baridi iliyowekwa na mtu asiyekaa ukumbini.

Mkataba wa mhandisi uliisha katikati ya mwaka wa 2016. Alitaka kuniachia ramani. Nilikataa, kwa sababu ukuta niliokuwa nao Muhaisnah ulikuwa na upana wa kitanda. Tuliagana mlangoni, kwa mkono, mara mbili, kwa sababu teksi yake ilichelewa na tulishamaliza kuagana. Alinikumbusha kumpigia mama simu. Nilimwambia nitampigia na baba.

Nilimpigia kweli. Nilimuuliza hali ya mvua, akanieleza. Nikamuuliza hali ya silanga, akasema wanafikiria kulichimba upya na kwamba yeye ameshajiandikisha siku mbili kwa wiki. Nikamwambia ni vizuri. Akasema ndiyo, ni vizuri. Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyowahi kuwa nayo kuhusu jambo hilo.

Mwezi wa Agosti, Ijumaa, mhandisi alinipigia kutoka kijijini. Sikukuu ilikuwa imepita siku chache. Nilisikia upepo kwenye simu. Alisema vitabu viligawiwa baada ya misa, na watu walifanya kama watu wafanyavyo: kwanza walitafuta majina yao, kisha makosa. Walipata makosa mengi. Mwanamke mmoja alirudisha chake kwa sababu baba mkwe wake ameandikwa kuwa na mbuzi wachache kuliko aliokuwa nao. Kuhusu sentensi ya sura ya sita hakuna aliyesema neno, na dada yake alisimama karibu na mlango wa kanisa saa nzima akingoja kuulizwa, hakuulizwa.

"Kisha nikiwa natoka," alisema, "mzee mmoja wa mtaa wa juu akanishika mkono. Mtu wa miaka tisini. Hatujawahi kuzungumza, hata nikiwa mtoto. Unajua aliniambia nini?"

"Hapana, sir."

"Aliniambia: ilikuwa wiki ya pili ya Kwaresima. Baba yake alikuwa tayari ameshika koleo, akasimama mlangoni akingoja awaone wa chini wakipita."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia na babu yangu alisimama mlangoni."

Kesho yake wale wazee wawili walishuka bondeni kuliangalia koo. Siku hizi hakuna anayelima huko, na tope la miaka lilikuwa limejaa mdomoni. Walikuwa na koleo moja. Mzee wa miaka tisini aliketi kwenye jiwe akielekeza, na mhandisi alichimba mpaka mgongo ukakataa.

Jioni nilimsimulia jamaa wa Tanga, aliyekuwa akikunja nguo zake za kazi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo lilifunguka?" aliuliza.

"Sikumuuliza."

Aliacha kukunja nguo. "Kaka, mtu anakupigia toka Ulaya, nawe humuulizi kama lilifunguka?"

Nilisema muda wa simu ulikwisha. Hakuniamini, na hakunisemesha hadi Jumapili.